Siku Fupi Mlimani Takao: Majani Mekundu, Kamera na Nyakati za Sala

Saa ya Mswahili hulifuata jua. Likichomoza tunahesabu saa kumi na mbili asubuhi, likizama tunahesabu saa kumi na mbili jioni, na mwaka mzima hesabu hiyo haitupotezi sana. Mama wa Mombasa, Lamu au Malindi akisikia adhana ya Alasiri hujua, bila kutazama ukutani, kwamba bado ana muda wa kuanua nguo, kuwaogesha watoto na kuteleka chakula cha usiku kabla ya Magharibi. Lakini ardhi ya Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ni pana, na ziko nchi ambako mazoea hayo hayafai kitu. Mjini Tokyo, nchini Japani, mwishoni mwa Novemba jua huzama saa kumi na nusu. Saa ambayo huku kwetu watoto bado wako uwanjani wanacheza mpira, kule wakati wa Magharibi umekwisha kuingia.

Makala haya yanahusu matembezi ya siku moja katika majira hayo: kuupanda Mlima Takao, ulio magharibi mwa Tokyo, kutazama majani yanavyogeuka rangi na kuyapiga picha. Tulikuwa watu wanne: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka 11, na wifi yangu anayesoma huko, ambaye alitukaribisha kwake kwa wiki mbili. Tunawasimulia wasomaji kwa sababu familia nyingi za Kiislamu huyaahirisha matembezi ya aina hii, au huyafanya kwa wasiwasi, zikidhani kwamba matembezi na sala ni mambo mawili yanayoigombania siku moja. Siku ya Takao ilitufundisha vingine.

Vuli ya kwao na vuli ya kwetu

Neno vuli kwa mtu wa pwani lina maana ya mvua, zile mvua ndogo za mwisho wa mwaka kabla ya kaskazi kuvuma sawasawa. Vuli ya Japani ni kitu kingine. Ni majira yaliyo kati ya joto la kiangazi na baridi ya kipupwe, nayo hujulikana kwa majani ya miti kugeuka rangi na kupukutika. Mabadiliko hayo huanza katika milima ya Daisetsuzan, katika kisiwa cha Hokkaido kilichoko kaskazini, mnamo katikati ya Septemba. Kisha hushuka kusini wiki baada ya wiki, hata Desemba inapoingia yamekwisha kufika kisiwa cha Kyushu. Watabiri wa hali ya hewa hutangaza majani yamefikia wapi, na watu huzifuatilia habari hizo kwa hamu, kama sisi tunavyongoja kutangaziwa kuandama kwa mwezi. Wana hata neno la shughuli hii: momijigari, yaani kuwinda majani mekundu. Mwindaji wa namna hii hana mshale wala mtego. Huenda akatazama, kisha hurudi nyumbani mikono mitupu.

Mti unaosifiwa zaidi ni ule uitwao momiji, wenye majani madogo yaliyochanika mfano wa vidole. Jina lake jingine, kaede, limetokana na maneno yenye maana ya mkono wa chura. Kiangazi chote jani hilo ni la kijani kama mengine, kwa sababu ya klorofili, ile rangi ambayo mti huitumia kunasa mwanga wa jua na kujitengenezea chakula. Siku zinapofupika na baridi kuingia, mti huacha kutengeneza klorofili, na huanza kuvirudisha ndani ya matawi na shina virutubisho vilivyokuwamo majanini. Hapo ndipo inapoonekana rangi ya manjano, ambayo ilikuwamo siku zote ikifunikwa na kijani. Nyekundu ni habari nyingine. Hiyo haikuwamo tangu mwanzo, bali hutengenezwa wakati huohuo kutokana na sukari iliyobaki katika jani. Ndiyo maana mwaka wenye mchana wa jua na usiku wa baridi huleta wekundu mkali zaidi. Mwisho, mti hujenga utando mwembamba mahali kikonyo kinaposhikana na tawi, na jani huanguka bila ya kuacha jeraha lililo wazi.

Anayeyajua haya hawezi kulitazama jani jekundu kama pambo tu. Anachokiona ni mti unaoweka akiba na kufunga milango yake kabla ya siku ngumu kuwadia. Katika Sura ya Az-Zumar, aya ya 21, Qur'ani Tukufu inatutajia mimea ya rangi mbalimbali ambayo baadaye hunyauka na kuonekana ya manjano, na inatueleza kwamba katika hayo umo ukumbusho kwa wenye akili. Aya hiyo tumeisoma mara nyingi chuoni na majumbani. Sisi tulioishi maisha yetu yote penye minazi na miembe, ambayo haivui nguo zake zote kwa wakati mmoja, tulikuwa hatujauona mlima mzima ukigeuka manjano kwa pamoja.

Mlima wenyewe

Takao si mlima wa kutisha. Kilele chake kiko mita 599 juu ya usawa wa bahari. Mlima Fuji, wenye mita 3,776, unaushinda kwa zaidi ya mara sita. Uko katika mji wa Hachioji, ndani ya mkoa wa Tokyo, na treni ya kampuni ya Keio kutoka kituo cha Shinjuku hufika miguuni pake kwa muda wa dakika 50 hivi, kwa nauli isiyofika yeni 500. Mwaka 1967 serikali iliufanya kuwa hifadhi. Hata kabla ya hapo miti yake ililindwa kwa karne nyingi, kwanza kwa sababu ya hekalu la Kibudha la Yakuo-in, lililoasisiwa mwaka 744, kisha kwa amri za watawala. Kwa hivyo, ingawa umepakana na mojawapo ya miji mikubwa kuliko yote duniani, mlima huu una zaidi ya aina 1,000 za mimea. Ubavu wake wa kusini umejaa miti isiyopukutisha majani. Ule wa kaskazini umejaa inayopukutisha. Anayetembea mgongoni mwa mlima huona kijani mkono mmoja na manjano mkono wa pili.

Ziko njia kadhaa za kupandia, nazo zimepewa namba. Njia namba 1 ina urefu wa kilomita 3.8, na sehemu yake kubwa imesakafiwa. Anayechoka hupanda treni ndogo inayovutwa kwa waya, iliyoanza kazi mwaka 1927. Mahali pamoja treni hiyo hupanda mwinamo wa nyuzi 31, mkali kuliko wa reli nyingine yoyote ya aina yake nchini humo. Lakini njia hiyo hupita ndani ya ua wa hekalu, mahali ambapo wenyeji wanafanya ibada zao. Sisi tuliona kuwa heshima kwa dini yetu na heshima kwa wenyeji vyote viwili vinatuelekeza tupite pengine. Tukachagua njia namba 6, ya kilomita 3.3, inayofuata kijito tangu chini hadi karibu na kilele.

Ratiba iliyoandikwa na jua

Usiku wa kabla ya safari wifi yangu aliandika nyakati za sala kwenye karatasi na kuibandika mlangoni. Alfajiri, saa kumi na moja kasorobo dakika chache mbele. Kuchomoza jua, saa kumi na mbili na dakika 25. Adhuhuri, saa tano na nusu. Alasiri, saa nane na dakika 10. Magharibi, saa kumi na nusu. Isha, karibu na saa kumi na mbili.

Binti yangu aliisoma mara mbili. "Mama, Adhuhuri kabla ya saa sita?" Shangazi yake akamweleza kwamba saa ya Japani nzima imepangwa kwa mstari unaopita magharibi mwa Tokyo, kwa hivyo jua huvuka katikati ya mbingu ya Tokyo mapema kuliko saa inavyosema. Tuliipiga hesabu pamoja. Kutoka Adhuhuri hadi Magharibi ni saa tano tu, ambapo kwetu ni sita. Kutoka Adhuhuri hadi Alasiri hazitimii saa tatu. Na sisi tulikuwa na mlima wa kupanda na kushuka.

Je, msafiri hapunguzi wala hakusanyi? Katika madhehebu yetu ya Shafi, aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili au zaidi huhesabiwa kuwa mkaazi, nasi tulikuwa wageni wa wiki mbili. Tena kutoka katikati ya Tokyo hadi Takao ni kiasi cha kilomita 50, masafa yasiyofika yale ya kupunguza sala. Kwa hivyo kila sala ilikuwa na wakati wake, na kila wakati ulihitaji mahali pake. Msomaji mwenye safari ya namna nyingine amuulize shekhe wake kabla ya kuondoka, si akiwa njiani.

Jambo la pili lilikuwa udhu. Vyoo vya mlimani vina maji safi, lakini ni ya baridi ya kuuma, na nchini Japani kunyanyua mguu na kuuosha katika beseni la kunawia mikono ni jambo linalowakera watu. Dini yetu imetuwekea wepesi wake. Tulipotawadha kwa sala ya Alfajiri, tukiwa tumeosha miguu kikamilifu, tulivaa khufu za ngozi, kisha viatu juu yake. Mchana kutwa ikatutosha kuvua viatu na kupangusa juu ya khufu kwa mkono uliolowa. Mkaazi ameruhusiwa hivyo kwa mchana mmoja na usiku wake. Ni hukumu tunayoisoma vitabuni tangu utotoni bila ya kuona matumizi yake katika joto letu. Katika baridi ya Takao tuliielewa kuwa ni rehema.

Jambo la tatu lilikuwa kibla. Mtu wa Mombasa amezoea kuelekea kaskazini, kwa kuwa Makka iko kaskazini yetu karibu sawasawa. Tokyo huelekea magharibi, kwa kuelemea kaskazini kidogo. Baada ya kufika tuligundua alama nyepesi: anayesimama kileleni akaupa uso Mlima Fuji, upande wa kibla uko mbele yake, mkono wa kulia.

Njia ya kijito

Tulitoka Shinjuku saa moja na nusu, na saa mbili na nusu tulikuwa tumekwisha kuanza kupanda. Nguo zetu zilikuwa za kawaida ya sitara: gauni pana lisiloburura chini, suruali pana ndani yake, koti na mtandio mzito. Viatu ndivyo vilivyochaguliwa kwa uangalifu, kwa kuwa majani yaliyoloa huteleza kuliko ngazi ya mwani. Mlimani joto hupungua kwa kiasi cha nusu nyuzi au zaidi kila mita 100, na juu ya baridi hiyo kuna upepo.

Sehemu ya kwanza ya njia ni giza la kijani. Miti mirefu ya sugi, jamii ya mwerezi, husimama kama nguzo za msikiti, na maji hupita chini yake kwa sauti ndogo. Anayetarajia wekundu hapa hatauona. Binti yangu, aliyekuwa na kamera ya baba yake shingoni, alianza kulalamika kwamba tumeambiwa uongo. Shangazi yake akamwonesha jani moja la momiji lililoletwa na maji likakwama juu ya jiwe jeusi. Kwa dakika kumi nzima tulimngoja huku amepiga magoti, akijaribu kulinasa jani hilo katika picha kabla maji hayajalichukua. Baadaye alikuwa akisema kwamba ile ndiyo picha yake anayoipenda, kwa sababu katika kijani chote kile palikuwa na chekundu kimoja tu.

Karibu na mwisho, njia huingia ndani ya kijito chenyewe, na mpandaji hukanyaga jiwe hadi jiwe. Kisha zinakuja ngazi za magogo zisizokwisha, na hapo mazungumzo hukatika. Wazee wa Kijapani, wengine wenye umri wa nyanya zetu, walitupita na fimbo zao wakitusalimia kwa neno moja moja. Desturi ya mlimani ni kila mtu kumsalimia anayekutana naye, hata asiyemjua. Wageni wa Pwani, ambao hatupitani njiani bila ya kusalimiana, tulijihisi tuko nyumbani.

Adhuhuri penye momiji

Tulifika kileleni baada ya saa tano kugonga. Ni uwanja mpana wenye watu wengi, kwa maana mlima huu hutembelewa na watu zaidi ya milioni 2 kila mwaka, na Novemba ndiyo kilele cha msimu. Hatukukaa. Ukiendelea mbele ya kilele kwa dakika chache unashuka mahali paitwapo Momijidai, yaani ulingo wa momiji, ambapo watu ni wachache na miti imekizunguka kiwanja chote. Hapo ndipo tulipouona wekundu tulioufuata. Juu ya vichwa vyetu kulikuwa na nyekundu, machungwa, manjano na kijani kilichochelewa, yote katika tawi moja, na nyuma ya matawi, mbali, Fuji yenye theluji mabegani.

Wakati wa Adhuhuri ulikuwa umeingia. Kusema kweli moyo wangu ulikuwa mzito. Kusali nyumbani ni jambo moja, na kusimama na mwanao wa kike mbele ya kadamnasi isiyojua unafanya nini ni jambo jingine. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba ardhi imefanywa kwa ajili yetu kuwa mahali pa kusujudia, na maneno hayo niliyajua, kuyatenda mbele ya macho ya watu ndiko kulikohitaji ujasiri. Tulitandika mikeka myepesi kando, mbali na njia. Bibi mmoja mzee, aliyekuwa ameketi karibu na wajukuu wake, alitutazama kidogo, kisha akalivuta turubai lake upande ili tupate nafasi ya safu, na akawaambia watoto jambo fulani. Wifi yangu alinifasiria baada ya sala: aliwaambia wapunguze sauti. Binti yangu alikwenda kumpa tende tatu katika kitambaa cha karatasi, naye akazipokea kwa mikono miwili.

Chakula tulikibeba kutoka nyumbani: chapati, mayai, viazi vya nazi na chupa ya chai ya tangawizi. Vibanda vya mlimani huuza tambi za soba, chakula kinachosifika sana Takao, lakini Mwislamu hana budi kuuliza. Mchuzi wake kwa kawaida hutiwa mirin, ambayo ni kileo kitamu cha mchele, na neno "hakuna nyama" halitoshi kukiondoa kileo hicho. Takataka zetu tulirudi nazo mkobani. Mlimani huwekewi mapipa ya taka; kila mtu hushuka na alichopanda nacho, na kwa wingi wote ule wa watu sikuona hata karatasi moja chini. Usafi, ambao sisi tunauhesabu katika imani, niliwaona wenzetu wakiufanya bila ya kusimamiwa.

Kamera na adabu zake

Mchana wa Novemba una zawadi kwa mpiga picha. Kwetu, wakati wa Adhuhuri, jua huwa juu na kivuli cha mtu hujikunyata miguuni pake. Tokyo, katika majira haya, kivuli cha Adhuhuri ni kirefu kuliko mwenye kivuli. Jua liko chini mchana kutwa, mwanga wake ni laini, na hupita ubavuni mwa vitu. Jua lilelile linaloifupisha siku ndilo linaloupendezesha mwanga. Wifi yangu, mwenye ujuzi kidogo, alimfundisha binti yangu jambo moja tu: asilipige jani likiwa limeangaziwa kutoka mbele, bali aliweke kati yake na jua. Jani la momiji ni jembamba. Mwanga ukilipita kutoka nyuma huwaka kama kioo cha kandili, na mishipa yake yote huonekana.

Kuhusu picha, wanavyuoni wamehitilafiana juu ya kamera na sura za viumbe wenye roho. Lakini imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba alimwelekeza mtengenezaji picha mmoja, ikiwa hana budi na kazi hiyo, kwenye miti na vitu visivyo na roho. Mlima wa majani ni mahali pa raha kwa mzazi mwenye tahadhari, maana mtoto anapata uwanja mpana usio na shaka.

Watu ni habari nyingine. Simu zinazouzwa Japani hutoa mlio kila zinapopiga picha, na mlio huo haukuwekwa ili uzimwe. Makusudi yake ni kwamba mtu asipigwe picha kwa siri. Wenyeji huomba ruhusa, na mara nyingi huficha uso wa mtu wasiyemjua kabla ya kuionesha picha kwa wengine. Nilipolisikia hili nilikumbuka harusi zetu, namna ambavyo picha za wake na mabinti za watu huzunguka katika simu kabla hata biharusi hajatoka chumbani. Sitara tuliyoamrishwa sisi tunaikuta ikichungwa kwa sheria ya adabu na watu ambao hawajaamrishwa. Tulikubaliana kwamba picha za familia yetu zitabaki katika familia, na za majani ziende popote.

Jua la Fuji

Alasiri ilitukuta kwenye ukingo wa kilele. Tulipotoa salamu tuliona kwamba mbele yetu wapiga picha wamekwisha kujipanga safu na kamera zao juu ya miguu mitatu, wakielekea Fuji. Kwa siku chache zinazozunguka tarehe 22 Desemba, mtu aliyeko Takao huliona jua likitua juu ya kilele chenyewe cha Fuji, na siku hizo uwanja hufurika. Mwishoni mwa Novemba hutua kando kidogo, upande wa kulia, lakini uzuri wake hausimuliki, na wapo wanaongoja saa mbili kwa ajili ya dakika mbili.

Binti yangu alitaka kungoja. Alikuwa ameipanda kilomita yote ile bila ya kubebwa, na aliamini kwamba picha hiyo ni haki yake. Baba yake alichuchumaa akamwonesha saa. Kutoka kileleni hadi kituo cha treni ya waya ni mwendo wa dakika 40 hadi saa moja kwa hatua za mtoto. Msituni giza huingia kabla ya kuingia uwanjani. Foleni ya kushuka baada ya machweo huwa ndefu kuliko zote za siku. Na wakati wa Magharibi ni mfupi. Akamwambia, "Mwanangu, jua litazama hapa kesho, na kesho kutwa, na watu watalipiga picha. Magharibi ya leo ni moja." Hakujibu. Alifunga kifuniko cha lenzi na akatangulia.

Tulishuka kwa njia namba 4, iliyoko ubavu wa kaskazini, ambayo ina daraja linaloning'inia kati ya miti. Chini kulikuwa na kivuli tayari, na jua lilikuwa limebaki juu kabisa, katika majani ya manjano. Mbele zaidi tuliungana na njia namba 1, tukaupita mwerezi uitwao Tako-sugi, maana yake mwerezi wa pweza. Wenyeji husimulia kwamba mti huo uliizuia barabara, na watu walipokusudia kuikata mizizi yake, usiku mmoja ukaikunja wenyewe kupisha. Mizizi hiyo kweli imejikunja kama minyiri ya pweza, na binti wa Pwani, hata akiwa amenuna, hawezi kumpita pweza bila ya kucheka.

Tulikuwa chini kabla ya saa kumi na nusu. Magharibi tuliisali kando ya kijito, mbali kidogo na kituo, mwanga ukiwa bado unatosha kuona mikeka. Picha ya jua la Fuji hatuna. Ndani ya treni binti yangu alirudi kununa mpaka kituo cha tatu, kisha usingizi ukamchukua. Isha tuliisali nyumbani.

Tulichorudi nacho

Tuliporejea Mombasa alizipanga picha zake katika albamu. Hakuzipanga kwa saa wala kwa mahali. Aliandika juu ya kurasa: kabla ya Adhuhuri, baina ya Adhuhuri na Alasiri, baada ya Alasiri. Alisema ndivyo mwanga ulivyokuwa ukibadilika, na ukizitazama picha utaona amesema kweli. Za asubuhi ni za kibuluu na baridi, za mchana zinawaka, za baada ya Alasiri zina rangi ya asali. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa ameona kwamba nyakati za sala zimefungamana na jua, na jua ndilo linaloupa ulimwengu rangi zake.

Hilo ndilo tunalotaka kuwaachia wazazi na akina mama wenzetu. Familia inayotoka bila ya kuzijua nyakati za siku hiyo, za mahali hapo, itakuwa inakimbizana na sala kutwa. Familia inayozijua itaona kwamba sala ndiyo inayoipangia siku vituo vyake: hapa tupumzike, hapa tule, hapa turudi kabla ya giza. Haihitaji kwenda Japani. Matembezi ya Shimba Hills au ufuoni wakati wa likizo za shule yanataka matayarisho yaleyale: karatasi ya nyakati, mkeka mwepesi, chupa ya maji ya kutawadhia, chakula kisicho na shaka, mfuko wa kurudishia taka, na maneno machache na watoto juu ya nani apigwe picha na nani aachwe. Na kabla ya mtoto kukabidhiwa kamera, apewe dakika chache za kutazama kwa macho aliyojaaliwa na Mola wake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie macho yanayozizingatia ishara Zake, katika nchi tunazozijua na tusizozijua, azilinde sala zetu na za watoto wetu tukiwa wakaazi na tukiwa wasafiri, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kushukuru. Amin.